Umri wa mtoto uwe msingi wa tarehe za maamuzi

Swali la wiki hii lilikuwa: "Utafiti kuhusu makuzi ya mtoto uwe na nafasi gani katika kupanga sera za ustawi wa jamii?" Kwa maoni yangu, nafasi yake ya kwanza, na inayopuuzwa kuliko zote, ni kutupangia muda. Sera nyingi hueleza mtoto apewe nini na nani ampe, lakini ni chache zinazosema apewe kabla ya kufikisha umri gani, ilhali katika jambo hilo watafiti wa makuzi wametupa ushahidi mzito.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa kikomunisti wa nchi hiyo, ulipoanguka Desemba 1989, ilibainika kwamba makumi ya maelfu ya watoto walikuwa wakilelewa katika taasisi za serikali, wakilishwa na kuogeshwa kwa ratiba, bila mtu mzima hata mmoja ambaye mtoto angeweza kumzoea na kumwona kuwa wake. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kufuatilia watoto 136 wa taasisi za Bucharest, mji mkuu wa nchi hiyo, waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa kwenye familia za walezi zilizoandaliwa na kulipwa na mradi wenyewe, na nusu nyingine wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, iweje mtoto aachwe katika taasisi kwa ajili ya utafiti. Ni kweli kwamba wakati huo familia za walezi wa namna hiyo karibu hazikuwepo mjini humo, na kwamba hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka iwapo familia ilipatikana. Hata hivyo naamini kwamba deni la watafiti kwa watoto wale hulipwa pale tu matokeo yanapobadilisha sheria na huduma.

Matokeo yenyewe ni haya. Watoto walipofikisha miezi 54, wastani wa kipimo cha akili (IQ) ulikuwa takriban 73 kwa waliobaki katika utaratibu wa taasisi, 81 kwa waliopelekwa kwenye familia, na 109 kwa watoto wa mji huohuo waliolelewa na wazazi wao tangu kuzaliwa. Miongoni mwa waliohamishwa, waliopata familia kabla ya kufikisha miaka miwili hivi ndio walionufaika zaidi. Mwaka 2004 Romania ilipitisha sheria iliyokataza kumweka mtoto wa chini ya miaka miwili katika taasisi, isipokuwa mwenye ulemavu mkubwa. Msamaha huo unanisikitisha, kwa sababu mtoto mwenye ulemavu anamhitaji mlezi wake wa kudumu kama mwenzake, na pengine zaidi.

Sasa tuangalie namna ofisi na mahakama zinavyohesabu siku. Shauri la malezi likiahirishwa kwa miezi sita, kwa hakimu na kwa afisa ustawi wa jamii huo ni ucheleweshaji wa kawaida, lakini kwa mtoto wa miezi sita ni sawa na umri wake wote, na ndani ya muda huo anaweza kumzoea mlezi wa muda, kisha akaondolewa kwake. Marekani ilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 1997, inayoitaka serikali ya jimbo, pamoja na misamaha kadhaa, kufungua shauri la kuondoa haki za mzazi iwapo mtoto amekaa nje ya familia yake kwa miezi 15 kati ya 22 ya karibuni. Nakubaliana na wazo la kuweka ukomo. Nisichokubali ni ukomo unaombana mzazi peke yake. Mama anayetafuta tiba ya uraibu akisubiri nafasi kwa miezi minane, miezi hiyo imepotezwa na serikali, naye ndiye anayeadhibiwa kwa kuipoteza. Saa ya mtoto lazima iibane pia ofisi inayotakiwa kumsaidia mzazi.

Na msaada kwa mzazi si ndoto. Huko Jamaica, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili, familia za baadhi yao zilitembelewa kila wiki na wahudumu wa afya ya jamii waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Miaka 20 baadaye, waliopata huduma hiyo walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wenye udumavu ambao hawakuipata. Hakuna mtoto aliyelazimika kutengwa na mama yake ili jambo hilo litokee.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wastani wa kundi hauwezi kumhukumu mtoto mmoja, na afisa anayeandika kwamba mtoto wa miaka mitano "amechelewa" anautumia utafiti vibaya, kwa kuwa hata waliopata familia wakiwa wakubwa walinufaika.

Ningependa kila jalada la mtoto liandikwe umri wake kwa miezi katika ukurasa wa kwanza, na kila anayeomba ahirisho aeleze kwa maandishi mtoto atakuwa na umri gani shauri litakaporudi na nani atakuwa akimlea hadi siku hiyo. Masharti hayo hayahitaji bajeti mpya, na yanaweza kuanza kutumika hata kabla ya sheria yoyote kurekebishwa.