Maswali na Majibu: Theluji mpya ikianguka, nani ana haki ya kushuka kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Mwezi wa kumi ninakwenda Innsbruck, Austria, kwa masomo ya mwaka mmoja. Wenzangu walioko kule wanasema wakati wa baridi tutapanda mlimani, wao na skii zao, vile vibao viwili virefu vya kutelezea, kimoja kila mguu, mimi nijifunze ubao, ule mmoja mpana unaobeba miguu yote miwili. Wameniambia pia kwamba asubuhi theluji mpya ikiwa imeanguka hakuna rafiki, kila mtu na lwake. Sitaki kwenda kuwa kero kwa watu. Nani anatakiwa kumpisha nani? Na mwenye ubao ana kanuni zake tofauti na mwenye skii?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Aliye chini yako ndiye mwenye njia, iwe theluji ya jana usiku au ya wiki iliyopita. Wewe unayetoka juu unamwona, yeye hakuoni. Kwa hiyo kuchagua pa kupita ni kazi yako, na ukimpita umwachie nafasi ya kutosha hata kama atakata kona ghafla au ataanguka. Ukiwa umesimama na unataka kuanza tena, tazama juu kwanza, kisha chini. Haya yamo katika kanuni 10 za Shirikisho la Kimataifa la Skii, zilizowekwa mwaka 1967, na mahakama za Austria huziangalia watu wanapogongana ili kujua nani alizembea. Kanuni hizo hazimbagui mwenye ubao.

Tofauti iko kwenye macho. Mwenye ubao husimama kiubavu. Anayetanguliza mguu wa kushoto kifua chake kinaelekea kulia, na upande wa kushoto, nyuma ya mgongo wake, haoni kitu. Anayetanguliza wa kulia ni kinyume chake. Kona inayogeuka kuelekea upande wa mgongo ndiyo inayosababisha migongano mingi kati ya skii na ubao, kwa sababu mwenye ubao anaingia mahali asipopaona na mwenye skii hakutegemea kona pana kiasi hicho. Kabla ya kona hiyo geuza shingo, tazama nyuma ya bega, ndipo ukate. Wenzako wenye skii nao wajue upande wako usioona na waepuke kukupita kwa upande huo.

Sasa tuje kwenye theluji yenyewe. Waingereza, Wajerumani na Wafaransa, kila mmoja kwa lugha yake, huiita unga, na kweli ni unga: mita moja ya ujazo ya theluji kavu iliyoanguka punde huwa na kilo 50 hadi 100 tu, wakati maji ya ujazo huohuo ni kilo 1,000. Ndani yake kuna hewa tupu, ndiyo maana mtu hutelezea humo kama anaelea. Lakini ikishakatwa huwa mabonge, na hairudi kuwa unga mpaka nyingine ianguke. Mteremko unaopendwa unaweza kuwa umechakazwa kabla ya saa sita mchana. Huo uchache ndio unaowatoa watu kitandani alfajiri, na ndio ulioleta adabu unazoziulizia.

Zifikirie kama za lamboni. Kundi la ng'ombe lililotangulia kufika lina haki ya kunywa kwanza. Halina haki ya kuingia katikati na kuyavuruga maji, wanaofuata wakakuta tope. Mlimani, kuvuruga maji ni kuchora kona pana kutoka ukingo hadi ukingo mahali ambapo ukanda wa mita tatu au nne ungekutosha, au kukatiza mteremko mzima kwa mshazari ukiwa katikati yake. Ukikuta michirizi ya waliotangulia, anza yako pembeni ya wa mwisho na uende nao sambamba. Kwa namna hiyo mteremko mmoja unashusha watu wengi na kila mmoja anapata theluji yake. Aliyefungua njia ya kupandia kwa miguu, akakanyaga theluji ya magotini ili wengine wapite kirahisi, huachiwa ashuke wa kwanza. Ukifika juu kwa kufuata nyayo zake, msubiri aondoke.

Hapa lazima nikueleze jambo linalomhusu anayejifunza ubao. Mwanafunzi akiogopa huuweka ubao kiubavu na kuteleza nao hivyohivyo hadi chini, ukikwangua theluji yote laini kama greda linavyokwangua barabara ya vumbi. Kwenye njia iliyosawazishwa na mashine hilo halina ubaya mkubwa. Kwenye theluji mpya ni uharibifu, na watu watakasirika. Subiri hadi uweze kuunganisha kona za pande zote mbili, kumi mfululizo, kwenye njia ya kawaida, ndipo uingie kwenye unga. Ukijikuta umeingia kabla ya hapo, shuka ukiwa ukingoni kabisa. Kumbuka pia kwamba kwenye theluji nene uzito unahitaji kuelekea mguu wa nyuma kidogo ili ncha ya mbele isizame. Wengi husogeza vifungio vya miguu nyuma kwa sentimita 2 hivi siku hizo.

Foleni ya lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha watu mlimani, nitaipitia haraka. Mistari miwili ikikutana, watu huingia kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Usikanyage skii za aliye mbele yako, na usimshikilie mtu nafasi. Ubao unapanda nao ukiwa umefungua mguu wa nyuma. Kabla ya kushusha chuma cha kujikinga kwenye kiti, waambie wenzako walioketi nawe, kisije kikamgonga mtu kichwani.

Kuna njia nyembamba zinazokatiza mlima ili kufikia miteremko ya mbali. Zifananishe na makinga maji ya shambani: zinafuata usawa uleule, na ukipoteza kimo hukirudishi. Hapo mwenye skii ana fimbo za kujisukumia, wewe huna. Ukisimama katikati, foleni nzima nyuma yako inapoteza mwendo. Basi ingia ukiwa na kasi ya kutosha, acha mita kadhaa kati yako na aliye mbele, na ukikwama toka upande wa chini, fungua mguu mmoja, usukume. Mwenye skii mwenye roho nzuri hukunyooshea fimbo akuvute. Wala usikate njia mpya chini kidogo ya ile iliyopo, maana njia mbili zinaharibu theluji maradufu.

Kuhusu "hakuna rafiki", msemo huo una ukweli kwenye jambo moja tu: aliyechelewa kuamka hasubiriwi. Patana nao saa na mahali pa kukutania, mathalani chini ya lifti, kisha kila mmoja aende. Lakini mkishatoka kwenye njia iliyosawazishwa mkaingia msituni au kwenye mteremko usioandaliwa, msemo huo ni wa hatari na usiukubali hata kidogo. Chini ya matawi ya misonobari theluji haishikani, inabaki shimo lililofunikwa. Mtu akianguka humo kichwa chini, hawezi kujitoa mwenyewe, na anaweza kukosa hewa wakati mwenzake yuko mita 20 tu mbele akidhani anafuatwa. Msituni mwende wawili wawili, mkionana au kuitana kila baada ya kona chache, kila mmoja na filimbi. Ukihisi unaangukia huko, shika shina au tawi na upigane kichwa kibaki juu. Mwenzako akiwa ndani, usimvute miguu. Tafuta kichwa kiko wapi, uchimbe kwa ubavuni hadi kwenye uso apate hewa.

Kamba na mabango ya kufunga mteremko hayavukwi, hata ukiona michirizi ya watu upande wa pili. Mara nyingi asubuhi hiyo wafanyakazi wa mlima wanakuwa bado wanalipua baruti ili theluji isiyotulia iporomoke kabla ya wateja kuingia. Anayepita chini ya kamba anajihatarisha, na anaweza kuwaangushia theluji walio chini.

Kuporomoka kwa theluji ndiko kunakoua. Mapande makubwa hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Nyuzi 30 ni pale ambapo kila mita moja ya kwenda mbele inakushusha karibu sentimita 58. Na walionaswa, wengi wao pande lile lilikatwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Taarifa ya hatari kwa Tirol, jimbo ambalo Innsbruck imo, hutoka saa 11 jioni kwa ajili ya kesho yake, ikiwa na madaraja 1 hadi 5. Wageni husoma 3 wakadhani ni katikati, mambo ya kawaida. Sivyo: vifo vingi hutokea siku za daraja la 3, kwa sababu hatari ni kubwa na watu bado wanatoka. Daraja hilo likitangazwa, wewe mgeni baki kwenye njia zilizofunguliwa.

Ukishajifunza na ukatoka nje ya njia na watu wanaojua, kila mmoja awe na vitu vitatu: kifaa cha mawimbi ya kilohezi 457 kilichovaliwa mwilini na kuwashwa, ili ukifukiwa wenzako wajue ulipo, fito ndefu ya kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Vifaa vinajaribiwa kabla ya kuondoka. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akifukuliwa ndani ya dakika 10 hivi za kwanza, kwa hiyo mwokozi wa kweli ni mwenzake aliye hapohapo, helikopta hufika baadaye. Ndiyo maana adabu kuu hapo ni kushuka mmoja mmoja, wengine wakitazama. Kamwe usianze kushuka juu ya mtu aliye bado kwenye mteremko. Ukifika, simama pembeni, nje ya mkondo ambao theluji ingepita, kisha mnyooshee mkono anayefuata.

Wanaopanda kwa skii zenye mikanda ya kushikia theluji huacha mfuo laini wa kupandia. Ukipanda kwa miguu, tembea kando yake, kwa sababu matundu ya buti huuharibu.

Ukimkuta aliyeumia, simama. Chomeka skii mbili zikiwa zimepishana au ubao mita kadhaa juu yake, ili wanaoshuka waone. Namba ya uokoaji wa mlimani Austria ni 140, na 112 hufanya kazi Ulaya nzima. Ukihusika au kushuhudia ajali, unatakiwa kutoa jina na mawasiliano yako.

Na mwenzako akipoteza skii kwenye theluji nene, jambo la kawaida kabisa, msaidie kutafuta upande wa juu ya pale alipoishia. Skii ikichomoka hubaki nyuma, yeye anaendelea kuserereka. Weka alama mahali alipoangukia, kisha pitisha fimbo au ukingo wa ubao kwenye theluji kwa mshazari, mstari baada ya mstari, kila hatua sentimita 20 hivi. Msichimbechimbe ovyo, mtaifukia zaidi.