Maswali ya Wasomaji: Kenchi Zinazolingana, Mgongo Ulionyooka

SWALI: Mimi ni fundi seremala wa Kibaha na nimeanza kuchukua kazi za kupaua kwa jina langu mwenyewe. Kazi iliyo mbele yangu ni nyumba ya mita 8 kwa mita 12, paa la mgongo mmoja, litakaloezekwa mabati. Kila ninapopaua, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za mwanzo hukaa vizuri, lakini kadiri ninavyosonga mbele mgongo wa paa huanza kupanda na mabati hayaendi sambamba na fasha bodi, ile mbao ya ukingo wa paa. Ili kenchi zifanane, huilaza kila moja juu ya ile iliyoitangulia na kuikata kwa kuifuata. Je, ninakosea wapi, na nifanye nini ili kazi isichukue siku nyingi?

JIBU: Fundi, kosa liko katika hiyo hiyo njia unayodhani inakusaidia. Unapochora kwa kufuata kenchi iliyotangulia, unene wa mstari wa penseli na upana wa msumeno huongezwa kwenye kipimo, kisha kenchi inayofuata inarithi ongezeko hilo na kuweka lake. Likiwa milimita 2 tu kila mara, kenchi yako ya kumi na moja itaizidi ya kwanza kwa milimita 20, na hakuna bati litakaloficha tofauti hiyo. Kenchi zote zinapaswa kutoka katika kiolezo kimoja ambacho hakipandishwi juu mpaka ya mwisho iwe imekatwa.

Kabla ya kiolezo, panda ukutani na uhakikishe nyumba ina pembe mraba. Pima mishazari yote miwili juu ya linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, toka kona hadi kona: kwa nyumba ya mita 8 kwa 12 kila mshazari unapaswa kuwa mita 14.42. Ukiona mmoja umezidi mwingine kwa sentimita 3 au 4, ambalo si jambo la ajabu katika majengo yetu, usiufuate ukuta. Vuta uzi na unyooshe ile mbao ya ukutani inayolaliwa na kenchi hata kama itatokeza kidogo upande mmoja, kwa kuwa plasta inaweza kurekebisha ukuta lakini haiwezi kurekebisha paa.

Sasa urefu wa mbao ya mteremko. Nusu ya upana wa nyumba ni mita 4. Tuseme unataka kilele kiinuke mita 1.5, mwinuko wa digrii 20 na nusu hivi, unaofaa mabati. Zidisha 4 kwa 4 upate 16, zidisha 1.5 kwa 1.5 upate 2.25, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili cha 18.25: mita 4.27. Ukitaka paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta, gawanya 4.27 kwa 4 na uzidishe kwa 4.6, upate mita 4.91. Kipimo hiki kinafuata ukingo mmoja wa mbao. Chagua wa juu au wa chini na ubaki nao kenchi zote. Hesabu hii inafanyika kwenye simu yoyote kwa dakika moja, na bado nawaona mafundi wenye uzoefu wakiinua mbao juu ya ukuta na kukadiria kwa macho.

Mbao nyingi sokoni ni za futi 12, yaani mita 3.66, kwa hiyo utalazimika kuunga. Weka kiungo karibu na mahali ambapo mhimili wa mshazari unaishika mbao ya mteremko, kamwe si katikati ya sehemu isiyoshikwa na kitu, na uweke viraka vya mbao pande zote mbili.

Kisha chora kenchi nzima kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu iliyosawazishwa au juu ya mbao zilizotandazwa, na upigilie vipande vidogo kuzunguka mchoro ili kila mbao ikiwekwa isiweze kukaa pengine. Kata kwanza mbao zote za mteremko, halafu zote za chini, halafu nguzo zote za kati, na mwisho mihimili. Ukianza kukata na kuunga kenchi moja moja, nusu ya siku itapotea katika kubadilisha vifaa. Mwenye nyumba akilalamika kwamba siku ya kwanza imepita bila kitu kuonekana juu, mwache alalamike.

Kugawa nafasi kunafuata kanuni ile ile. Kwa mabati, kenchi zinazoachana mita 1.2 ni kawaida, na mita 12 zinakupa nafasi 10 na kenchi 11. Ning'iniza tepu kwenye msumari mmoja mwanzoni na utie alama 1.2, 2.4, 3.6 hadi mwisho bila kuisogeza. Simamisha kenchi mbili za mwisho wa nyumba kwanza, uzipime kwa timazi, uzishikize kwa mbao za mshazari, kisha uvute uzi kutoka kilele hadi kilele. Zilizobaki zitafuata uzi huo.

SWALI: Mimi ni mama wa Morogoro, ninajenga. Mbao za paini nilizoletewa bado zina maji na fundi ananiambia zitakaukia juu. Pia nilipozipima, 2x4 hazifiki inchi 2 kwa 4. Nizirudishe?

JIBU: Mama, kupungua kidogo kwa kipimo ni kawaida katika mbao zetu za Sao Hill na Njombe, kibaya ni kuchanganya za vipimo tofauti. Mwambie fundi azipange kwa upana na atumie zinazolingana kwa mbao za mteremko, akisawazisha ukingo wa juu, ambapo papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zitalala. Kuhusu maji, fundi wako si sahihi. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu, hivyo misumari hulegea na mbao nyingine hujipinda. Zipange kivulini, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, na uweke uzito juu. Kama zimetiwa dawa, kila ncha itakayokatwa ipakwe dawa upya, kwa sababu mara nyingi dawa haijafika ndani kabisa na mchwa huanzia hapo.

SWALI: Kenchi zangu zilipangwa kwa ajili ya mabati. Sasa nimependa vigae vya saruji. Naweza kuendelea? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Hapana, si kwa kenchi hizo. Mabati hayafiki kilo 5 kwa mita mraba, ilhali vigae vya saruji huzidi kilo 40. Kwa nyumba ya ukubwa wa ile ya fundi wa Kibaha, paa lina takriban mita mraba 130, basi mzigo unatoka chini ya kilo 650 na kupita tani 5. Kenchi zitahitaji kusogezwa karibu zaidi na mbao kuwa nene, na mwinuko huenda ukawa mdogo mno kwa kigae unachokitaka. Muulize muuzaji mwinuko wa chini kabisa anaouruhusu kabla hujamlipa. Ukiamua kubaki na mabati, elekeza fedha iliyookolewa kwenye kufunga kila kenchi kwa nondo au ukanda wa chuma uliotoka ndani ya linta, maana pwani upepo hulivuta paa jepesi kwenda juu, hasa kwenye kingo na pembe.