Kifua Kilipona Mapema, Mguu Ndio Uliotuhangaisha

Baba alipofanyiwa baipasi ya moyo, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya ya kupita pale mishipa ya moyo ilipoziba, ukoo mzima uliuliza habari za kifua. Simu ya asubuhi kifua, simu ya jioni kifua. Mguu wa kushoto hakuna aliyeuulizia, hata mimi niliyekuwa nikimuuguza.

Mshipa wa kupitishia damu moyoni mara nyingi hutolewa mguuni, ule mrefu unaotoka kwenye kifundo na kupanda kwa ndani hadi kwenye kinena. Hugeuzwa juu chini kabla ya kupachikwa, kwa kuwa una vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. René Favaloro ndiye aliyeieneza njia hiyo kuanzia 1967, akiwa Cleveland, Marekani. Baba alichanwa kutoka kifundoni hadi juu ya goti, ngozi ikabanwa kwa pini za chuma.

Siku ya tisa, tukiwa nyumbani, nilimvua soksi nikaikuta imelowa maji ya manjano yenye damu kidogo. Chini ya goti, ukingo wa mshono ulikuwa mweusi, na pini mbili zilikuwa zimeanza kukata ngozi. Sehemu hiyo ikafunguka urefu wa vidole viwili. Tulisafisha na kufunga kidonda kila siku kwa wiki sita.

Kwa hiyo, kama mzazi wako anasubiri upasuaji huu, muulize daktari mapema mguu utafungwaje. Mshipa waweza kutolewa kwa mchano mmoja mrefu, kwa michano mifupi iliyoachiana nafasi, au kwa kamera kupitia vitundu vidogo. Mgonjwa wa kisukari, mnene, au mvutaji sigara ana sababu zaidi ya kuuliza kama michano midogo inawezekana kwake. Uliza pia kuhusu tabaka la chini. Nyama ya ndani ikishonwa kwanza kwa nyuzi zinazoyeyuka, ngozi haivutwi sana na haliachwi pengo la kujaa damu. Wengine huweka mrija wa kunyonya damu kwa siku moja au mbili. Ngozi yenyewe hufungwa kwa uzi uliofichwa chini yake, kwa nailoni, au kwa pini. Pini huokoa muda, lakini madaktari hawajakubaliana ipi ni bora, na kwa maoni yangu namna ya kufunga ngozi si kitu kikubwa kama uvimbe unaofuata baadaye.

Uvimbe ndio uliotuponza. Baba alirudi nyumbani akaketi sebuleni tangu asubuhi, miguu ikining'inia, akipokea wageni wa kumpa pole. Mguu ulijaa hadi soksi ikaacha alama. Sista aliyekuwa akimfunga kidonda ndiye aliyenifundisha: bendeji ianzie karibu na vidole na kupanda juu kwa mkazo ulio sawa, mguu ukae juu kuliko moyo anapopumzika, na atembee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Tarehe ya kutoa pini niliiandika ukutani. Siku ilipofika, zilitolewa moja moja kwa kurukaruka, zinagonga kwenye kibeseni cha chuma, na zile za sehemu ambayo haijashika zikaachwa.

Ganzi karibu na kifundo isikutishe, kwa sababu neva hupita kandokando ya mshipa huo. Lakini wekundu unaosambaa, joto, usaha, harufu, homa, au maumivu na uvimbe wa ghafla kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Shangazi alileta unga wa mizizi wa kupaka kidondani. Tulimshukuru kwa heshima zote na hatukuupaka.

Baada ya hapo Baba aliwapokea wageni akiwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mito mitatu. Wazee wenzake walivuta viti, wakakaa karibu na kichwa chake, wakazungumza naye hivyohivyo.