Madoa ya kutu miguuni: damu iliyovuja, si damu iliyochafuka

Nilianza kuyaona wakati wa kutawadha. Mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na vidoa vidogo vidogo kana kwamba mtu amenirushia pilipili ya unga. Nikavisugua kwa kidole nikidhani ni matope. Havikutoka. Magharibi nikarudi na sabuni, wapi. Wiki mbili baadaye vilikuwa vimepanda hadi nusu ya ugoko, na mguu wa kulia nao umeanza.

Mimi ni mwalimu wa kemia, mwaka wa 24 huu nasimama mbele ya ubao. Sikuwa na homa wala maumivu; jioni tu paliwasha kidogo. Basi nikafanya tunachofanya wanaume wengi: nikavaa soksi ndefu, nikanyamaza. Nilipochoka kunyamaza nikafanya kosa kubwa zaidi, nikavua soksi ofisini kwa walimu.

Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa. Mmoja alisema damu imechafuka, nichemshe mwarobaini. Mwingine: "Mwalimu, sukari huanzia miguuni." Wa tatu hakusema kitu, alinitazama tu kwa ile huruma ambayo sisi tuliokulia miaka ya tisini tunaijua vizuri, huruma ya mtu anayewaza ngoma. Duka la dawa la kwanza nikapewa krimu ya fangasi, nikaipaka siku 21 bila kukosa. Kama fangasi alikuwapo, nadhani alikufa. Madoa hayakujali. Duka la pili wakaniuzia tyubu "ya kung'arisha", na hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Aliyeniokoa ni binti yangu, anayesoma uuguzi. Alikuja likizo, akaniona nimekaa barazani nimepandisha suruali, akasema, "Baba, lete huo mguu." Akaingia jikoni akatoka na bilauri ya kioo, ile tunayonywea chai. Akaibandika pembeni ya ugoko, akaikandamiza, akawasha tochi ya simu.

"Tazama ndani ya kioo, Baba. Yanafifia?"

Hayakufifia. Ngozi ya pembeni ilibadilika ikawa nyeupe kidogo pale ilipobanwa, lakini vidoa vilibaki vile vile, kama vimechorwa kwa kalamu.

Kipimo hicho cha bilauri kila nyumba inakiweza. Upele wa kawaida, wa mzio au wa kuumwa na mdudu, wekundu wake unatokana na mishipa iliyotanuka huku damu ikiwa bado imo ndani. Ukiubana, damu inasukumwa pembeni na rangi inapotea. Doa lisilofifia maana yake damu imeshatoka nje ya mshipa, imevilia ndani ya ngozi, haina pa kwenda. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi au maji ya kunde kuna tabu moja: madoa haya hayaji mekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Yanakuja ya kahawia au meusi kiasi, unaweza kuyapita miezi. Yatazame juani, si chini ya taa ya chumbani.

Mkoani kwetu kumpata daktari wa ngozi si kazi ndogo, kwa hiyo nilipanda basi hadi Moshi, ambako pale hospitali ya rufaa ya KCMC kipo kituo cha kanda cha kufundishia watabibu wa ngozi tangu miaka ya tisini. Daktari, dada mmoja mpole, hakugusa mguu kwanza. Aliuliza. Umewahi kutokwa damu puani au kwenye fizi? Kuna dawa mpya umeanza kutumia? Unameza aspirini? Umepata homa hivi karibuni? Hilo la homa nililielewa baadaye: dengi, ambayo Dar es Salaam iliitesa mwaka 2014 na tena 2019, hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na madoa yasiyofifia yakitokea hapo ni habari nyingine kabisa.

Kisha akapitisha vidole juu ya ugoko wangu akiwa amefumba macho. Nilidhani anaomba. Kumbe anatafuta vinundu. Madoa yangu yalikuwa tambarare kama karatasi, na hiyo ilimfurahisha. Yangekuwa yameinuka na kuuma, angeshuku mishipa yenyewe imeshambuliwa vibaya, na hapo figo nazo huwa hatarini. Akapima damu, mkojo, sukari, na kile kipimo ambacho ofisi nzima ya walimu ilikuwa imeshanipimia kwa macho. Chembe sahani za mtu mzima huwa kati ya elfu 150 na elfu 450 katika kila tone dogo la mikrolita moja. Zangu zilikuwa katikati. Vyote vilivyobaki vilikuwa salama. Hakunikata kipande cha ngozi, ingawa alisema hufanya hivyo pale picha isipoeleweka au madoa yanapoenea mwilini isivyo kawaida.

"Mwalimu," akasema, "mishipa yako midogo inavuja. Basi."

Kapilari ni mshipa mwembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa msururu, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Ukuta wake ni seli moja tu kwa unene. Katika hali hii, ambayo madaktari huiita kapilaritisi, askari wa mwili hukusanyika kuzunguka vijishipa hivyo bila adui wa maana, ukuta unalegea, na chembe chache zinapenya nje. Miguuni ndiko damu inakobeba uzito wote wa safu iliyo juu yake, hasa kwa mtu anayesimama kutwa, ndiyo maana madoa huanzia huko. Aina yangu inaitwa ugonjwa wa Schamberg, kwa jina la Jay Frank Schamberg, daktari wa Philadelphia aliyeueleza mwaka 1901. Hauambukizi. Hauingii ndani ya mwili. Mara nyingi chanzo hakipatikani, ingawa wapo wanaoupata kwa sababu ya dawa fulani, mazoezi mazito, au matatizo ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni.

Na ile rangi? Hapa mwalimu wa kemia alipaswa kuona aibu. Chembe nyekundu ina hemoglobini, na hemoglobini ina chuma. Chembe ikishatoka nje ya mshipa huvunjwa pale pale, na chuma chake hubaki kimefungwa kwenye punje za kahawia ziitwazo hemosiderini. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi misumari ikipata kutu kwenye maji ya chumvi, na miezi yote hiyo nilikuwa na rangi ya chuma ndani ya soksi zangu. Doa jipya huwa na wekundu, la zamani hudhurungi, na mwili hulisafisha polepole mno, kwa miezi, wakati mwingine miaka, huku mapya yakichipuka pembeni.

Sasa ile tyubu ya kung'arisha. Mkorogo na krimu za aina hiyo hushambulia melanini, rangi ya asili ya ngozi. Doa la Schamberg si melanini, ni chuma. Kwa hiyo ukilipaka unaing'arisha ngozi nzima na kuliacha doa palepale, tena likionekana zaidi. Nyingi ya krimu hizo zimechanganywa na steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, na steroidi kali ikipakwa miezi huichosha ngozi mpaka inakuwa nyembamba na vijishipa vyake dhaifu. Yaani unatibu kuvuja kwa kuongeza kuvuja. Mimi niliipaka siku tisa tu, kwa bahati, maana iliisha na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Wapo niliokutana nao kwenye benchi la kusubiri waliopaka mwaka mzima.

Daktari naye alinipa steroidi, isiyo kali, ya kupaka siku chache tu pale panapowasha. Alinipa pia soksi za kubana, lakini baada ya kupapasa mapigo ya damu juu ya unyayo. Usizinunue kichwa kichwa, hasa ukiwa na kisukari au ukivuta sigara: kama damu inafika miguuni kwa shida, soksi hizo zitaizuia zaidi. Alitaja vitamini C na rutini, kirutubisho kitokanacho na mimea, akasema baadhi ya wagonjwa huona nafuu na wengine hawaoni kitu. Mimi nikachagua kula machungwa. Mafuta ya kulainisha ngozi, kila siku. Kukaa na miguu juu jioni. Na kuacha kujikuna, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Kuna hali ambazo nisingekaa kusoma makala wala kutafuta bilauri mara ya pili. Madoa yasiyofifia pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa au shingo kukakamaa: hospitali usiku huo huo. Hali kadhalika damu kwenye fizi, mkojo au choo, michubuko mikubwa bila kugongwa, madoa yanayopanda kwa saa badala ya wiki, maumivu ya tumbo na viungo. Mtoto mwenye madoa hayo, hata akiwa anacheza, apelekwe.

Huu ni mwezi wa kumi na nne. Mguu wa kulia umekaribia kusafika, wa kushoto bado una kiraka chenye umbo la Pemba. Nimeingiza stuli darasani, kidato cha nne wanasema Mwalimu amezeeka. Bilauri ile bado ipo kabatini, na binti yangu akija likizo huigeuza kwanza, akaitazama, halafu akachukua nyingine.