Kupanda Lushoto kwa pikipiki na familia, anza na anayekaa nyuma

Watu wengi wakipanga kutoka na pikipiki wanaanza kuhesabu wanaume, nani ana Boxer nani ana TVS nani anakimbia, alaf wake zao na mashemeji wanaambiwa usiku wa kuamkia safari et jiandaeni kesho tunatoka. Mimi siku hizi naanza na anayekaa nyuma. Dereva ana kitu cha kushika na kazi ya kufanya, wa nyuma kazi yake ni kuvumilia tu, na akishanuna saa nne asubuhi basi hakuna mwenye raha mpaka jioni.

Kwanza nguo. Dera na kanga zinapendeza ila zinaingia kwenye cheni au spoku na hapo sio utani tena, kwahiyo waifu anavaa suruali ndani, dera analikusanya lote mbele analikalia, kanga inabaki kichwani chini ya helmeti. Na mfundishe kupanda na kushukia kushoto, maana Boxer na nyingi za aina yake sailensa iko kulia na ule ukovu wa kwenye ndama ya mguu wote tunaujua.

Pikipiki yenyewe sina mengi. Tairi ya nyuma iongezwe upepo, na cheni mwambie fundi aikague mkiwa mmekaa wawili, maana ikikazwa pikipiki tupu mkishakaa na begi juu inazidi kujivuta.

Sisi huwa tunatokea Korogwe. Mpaka Mombo ni barabara kuu ya Arusha, mabasi pale yanapita kama yamefukuzwa, hakuna kutembea wawili wawili mkipiga stori, kila mtu nyuma ya mwenzie na nafasi ya kutosha. Anayetangulia awe mwenye pikipiki dhaifu kuliko zote. Ndio, dhaifu! Mkimtanguliza mwenye mashine kubwa anawaacha, wa mwisho anaanza kukimbiza, na wa mwisho ndio kabeba mke na begi la vyakula.

Mombo simameni, jazeni mafuta, kunyweni chai. Watoto, mama mkubwa na masufuria wanapanda Coaster hapo hapo, habari za kumpakia mtoto mshikaki katikati mm sizitaki hata kama trafiki hayupo. Kuanzia hapo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33 za lami, mlima na kona tupu. Mombo jua linachoma lakini Lushoto ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa 6 mpaka wa 8 kuna baridi ya kutetemesha meno, sasa mtu kaweka sweta chini kabisa ya begi, juu yake sufuria la pilau, atalitoa saa ngapi?

Soni, mji mdogo wa njiani, pumzikeni, maporomoko yapo jirani na barabara na matunda yapo, msimu ukiwa wenyewe utakuta plamsi na mapichi, ila nunueni mkishuka maana yakipanda na nyie yanafika juisi. Mkifika Lushoto mjini nendeni Irente, njia ni ya vumbi, ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza vibaya, wa nyuma ashuke atembee vipande vibaya na asichekwe. Kule kwenye shamba la Irente wanauza mkate na jibini yao, na ukisogea ukingoni mwa mlima unaiona Mazinde yote chini na tambarare haiishi.

Kushuka ndio kwenyewe. Kuna vijana wanazima injini wanaachia fri toka Lushoto ili waokoe mafuta, yaani lita moja ya petroli ndio unabeti nayo maisha ya shemeji yako. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo zinachemka, unabonyeza na hazishiki. Shuka na gia ya pili au ya tatu kutegemea na kona, injini ikuzuie, breki uiguse guse tu ukikaribia kona. Wa nyuma naye ashike chuma cha kerea, asikusukume mgongoni.

Na ondokeni saa tisa, msisubiri saa kumi na moja, jioni ukungu unashuka na mafuso ya kabichi nayo yanashuka kuelekea Dar, kona ile ile. Kama nyama haijaiva ifungeni, mtakula Mombo.