Twita zifungwe wapi kwenye gari?

Ndugu yangu, umeuliza kama twita zako, yaani zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikae juu ya dashibodi au chini mlangoni, karibu na spika kubwa. Mimi ningezifunga kwenye ile pembetatu ya plastiki ndani ya mlango, usawa wa kioo cha pembeni.

Sauti nyembamba huenda moja kwa moja, haizunguki kizuizi kama besi. Ukiiweka twita chini, goti lako linaimeza sauti yake, na mwimbaji anasikika kama yuko miguuni. Juu ya dashibodi nako inagonga kioo cha mbele na kurudi kali, tena jua letu hapa Mombasa hulegeza gundi gari likishinda nje.

Tafadhali usikimbilie kutoboa! Zibandike kwanza kwa gundi ya pande mbili, kaa kiti cha dereva, weka taarabu unayoijua vizuri, kisha sikiliza fidla. Ikikukwaruza sikio, geuza twita kidogo kidogo. Kwetu dereva yuko kulia, kwa hivyo ya kulia iko karibu nawe mno. Ielekeze upande wa abiria, na ya kushoto ikuelekee wewe. Utasikia sauti ikihamia katikati ya kioo.

Nguzo ya kioo cha mbele pia ni pazuri, ila magari mengi yana eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga ajali) mle ndani, hakikisha kwanza. Na ile kapasita ndogo kwenye waya, kifaa kinachozuia besi isifike kwenye twita, fundi asiikate: besi ikipenya, twita inaungua.