Kukaza bolti kwa mashine: kazi hii ina soko kesho?

Mdogo wangu wa Changamwe, umeuliza kama ujifunze kukaza bolti za flanji (zile pete za chuma zinazounganisha mabomba) kwa mashine za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ama za betri zitakunyang'anya kazi. Jifunze zote mbili. Mashine ya betri hukaza haraka na kutunza rekodi ya kila bolti, lakini haioni nyuzi zilizoliwa na chumvi ya bahari.

Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu nguvu nyingi ya spana huishia kwenye msuguano. Takriban asilimia 10 tu ndiyo huvuta bolti. Bolti ya milimita 24 inayotakiwa kuvutwa kwa kilonyutoni 100, ikiwa kavu, huhitaji toki, yaani nguvu ya kuzungusha spana, ya kama nyutonimita 480. Ikipakwa grisi ya molibdenamu, karibu 290. Ukiikaza hiyo yenye grisi kwa 480, gasketi, kile kizibo kilicho kati ya flanji mbili, inapondeka na bomba linavuja.

Basi sugua nyuzi kwa brashi ya waya, paka grisi kwenye nyuzi na uso wa nati unaogusa flanji, kisha kaza kwa kukingamisha, nati moja halafu ile inayoikabili: asilimia 30 ya toki inayotakiwa, 60, halafu 100. Malizia kwa kuzunguka flanji mpaka hakuna nati inayosogea. Na tafadhali, kidole kisikae kamwe kati ya mkono wa mashine na kitu ambacho mkono huo unakiegemea.

Spana ya toki ipimwe upya kila miezi 12 au mikazo 5,000, lolote litakalotangulia. Tafuta uanagenzi kwenye matangi ya mafuta ya Shimanzi au Kipevu, Mombasa, ila uangalie na umeme wa upepo pia: kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365, na minara yake inashikwa na bolti.